Chai ya baridi yenye gesi na matunda, bila kilevi: nifanyeje ifike kwa wageni ikiwa bado na gesi?

Nanaa_Mbichi:

Wakuu habari za leo. Naombeni msaada kwa wanaojua vinywaji.

Kuna shughuli ya kifamilia inakuja hapa nyumbani, watu kama 20, na mimi nimejitwika upande wa vinywaji. Kilevi hakuna kabisa, hilo halina mjadala. Lakini soda za chupa pia sizitaki. Kila shughuli ni soda zilezile, watu wazima wanakunywa nusu glasi kwa ustaarabu, halafu wanaomba maji. Mume wangu anasema nichanganye juisi ya pakiti na maji ya gesi tumalize habari. Nimekataa. Nataka chai ya baridi yenye gesi, ndani yake matunda na majani ya kunukia, ya mtu kunyanyua glasi akaona na yeye amepewa kitu cha heshima.

Nimejaribu kidogo kuona inaendaje. Chai ya rangi nimeichemsha, nikaiacha ipoe, nikaongeza maji ya gesi, sukari, vipande vya chungwa na nanaa. Ina ukakasi unaokwaruza ulimi, imeingia ukungu, na nilipomaliza kukoroga sukari gesi ilikuwa imeshaondoka.

Kuna wawili watatu hawatumii kafeini, watoto watakuwepo, na yupo shangazi yangu anayesoma kila lebo mpaka ya chumvi. Nataka niweze kumjibu bila kubabaika. Karibuni.

---

mzee_wa_jagi:

Dada, umeuliza penyewe. Nimehudumia vinywaji kwenye shughuli miaka mingi, na meza ya wasiotumia kilevi ndiyo inayokumbukwa dakika ya mwisho, basi nimefurahi kuona mtu anaianza mapema.

Shida yako ni mpangilio tu. Chai na gesi visikutane mapema. Yote yanayohusu chai yafanyike jana yake: kuloweka, kuchuja, kupika shira, kupoza. Gesi iingie mwisho kabisa, ndani ya glasi, mgeni akiwa amesimama mbele yako. Ukishika hilo, yaliyobaki ni ladha.

Chai yenyewe usiichemshe. Chukua gramu 20 za majani ya chai (kama ni vifuko, 10 vinatosha, kimoja huwa na gramu 2 hivi), tumbukiza kwenye lita moja ya maji safi ya baridi, funika, weka kwenye friji usiku kucha, yaani kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi chuja, na usivikamue vifuko. Maji ya moto hutoa kafeini na tanini haraka, na tanini ndizo zinazokukwaruza ulimi. Maji ya baridi huzitoa kwa uchache, harufu ya jani inakuja bila ule ukali. Na ukungu uliouona ni kafeini kushikana na zile chembe zinazoipa chai rangi yake, jambo linalotokea chai ya moto inapopoa. Ukiloweka kwa baridi, mara nyingi chai inabaki angavu mpaka unaona vidole vyako upande wa pili wa jagi.

Gramu 20 kwa lita ni karibu mara mbili ya kawaida, na ni kwa makusudi. Nusu ya glasi itakuwa maji ya gesi, na barafu nayo itayeyuka. Ukiionja peke yake utasema imezidi. Iache hivyo hivyo.

Sukari ya punje isiguse kinywaji chenye gesi. Kila punje ina vikwaruzo na vijitundu ambamo gesi hujikusanya na kutoka kwa viputo. Ndiyo maana ukimwaga sukari kwenye soda inafoka. Pika shira nyepesi: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ipashe mpaka sukari iyeyuke tu, usiichemshe ikawa nzito. Zima moto ndipo uweke majani ya kunukia. Nanaa ikichemka inanuka mboga. Funika nusu saa, chuja, weka kwenye friji. Hukaa wiki nzima bila shida.

Kwa majani, mimi ni mtu wa nanaa, mrehani na mchaichai. Mchaichai uponde shina lake la chini, kule juu ni ukali wa majani tu. Nanaa ya kupamba glasi usiitwange. Iweke kiganjani, ipige kofi moja, harufu imeshatoka. Ukiitwanga unatoa na uchungu. Rozimari wengi wanaisifu, kwangu inanuka kama dawa ya kuchua mgongo, ila kila mtu na pua yake.

Matunda ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu macho yanataka jagi lililojaa vipande vya rangi zote. Tunda lililokatwa lina uso wenye vijishimo, na gesi inapita hapohapo kutoka, sawa na kwenye punje ya sukari. Ladha ya tunda iweke ndani ya shira. Ponda stroberi, pichi au nanasi, changanya na shira ikiwa bado vuguvugu, acha saa moja, chuja. Pasheni ichujwe mbegu zote. Halafu kwenye glasi weka kipande kimoja au viwili vya kutazamwa, basi.

Chungwa na limau usiviache na maganda yake ndani ya jagi usiku kucha. Ile sehemu nyeupe chini ya ganda hutoa uchungu kadiri inavyokaa. Kwangua ganda la juu lenye rangi tu, lisugue na sukari yako kwa vidole mpaka sukari ilowe mafuta, iache nusu saa, ndipo upike shira. Harufu ya limau iko kwenye mafuta ya ganda kuliko kwenye maji yake. Watu wengi hutupa ganda wakabaki na uchachu peke yake, kisha wanashangaa kinywaji hakinukii.

Glasi ya mtu mmoja ni hivi: barafu ya vipande vikubwa, mililita 120 za chai, 20 za shira, 10 hadi 15 za maji ya limau. Koroga hapo, kabla ya gesi. Kisha inamisha glasi, mimina mililita 120 za maji ya gesi polepole zipitie ubavuni. Kijiko kiingie mara moja, kinyanyue kutoka chini, kitoke. Uonje kikiwa baridi kabisa, kwa sababu ulimi hausikii sukari vizuri kwenye kitu cha baridi. Limau nalo ulianze kwa uchache, maana gesi ikiyeyuka kwenye maji huleta uchachu wake.

Na kila kitu kiwe baridi, hata glasi. Maji yaliyo karibu na kuganda hushika karibu mara mbili ya gesi ambayo maji ya nyuzi 20 hushika. Ukimimina maji ya gesi yaliyotoka kabatini juu ya barafu, yatafoka na utabaki na maji matupu.

---

Kijiko_Kirefu:

Mkuu wa jagi nakuheshimu ila hapo kwenye chai nakupinga. Chai nyeusi iliyolowekwa kwa baridi ni laini mno. Ukiiongezea shira, limau na gesi inapotea, unabaki unakunywa limau yenye rangi ya kahawia. Ule ukakasi kidogo ndio unaomwambia mtu kwamba hii ni chai.

Mimi nafanya kwa moto na sipati shida anayoisema mleta uzi. Gramu 20 kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka, dakika 4 kwa saa ya simu, si kwa kukisia. Nachuja papo hapo, naongeza nusu lita ya maji ya baridi, inaingia friji. Aliyeacha majani ndani mpaka chai ikapoa ndiye anayepata ukali. Ikiingia ukungu, mimina maji ya moto kidogo, inarudi kuwa angavu. Na wageni wenyewe hawaangalii ukungu, kuna matunda humo.

Chai ya kijani ni habari nyingine. Hiyo maji yawe nyuzi 75 hadi 80 na dakika mbili zinatosha, au fuata njia ya baridi ya mzee, hapo hata mimi nakubali.

---

Juani_Kutwa:

Mbona mnajichosha na friji na saa za simu? Weka majani na maji kwenye mtungi wa kioo, funika, weka juani kuanzia asubuhi, mchana chai iko tayari. Laini, haina uchungu. Sijawahi kuona mtu akiumwa.

---

mzee_wa_jagi:

Kijiko, hoja yako kwenye chai nyeusi nimeipokea. Kama mleta uzi anataka chai isikike kweli, njia yako ya dakika 4 ni halali, mradi achuje kwa wakati. Kama anataka mrehani na pichi vitangulie puani, afuate ya baridi. Mimi kwa watu 20 nachagua baridi kwa sababu nyingine kabisa: haimtaki mtu asimame jikoni na saa siku ambayo wageni wako mlangoni.

Juani, hapana. Vijidudu vinavyoharibu chakula huzaana vizuri kati ya nyuzi 4 na 60, na mtungi wa juani hukaa humo humo kutwa nzima bila kufikia joto la kuviua. Majani ya chai si kitu kilichosafishwa kwa dawa, yametoka shambani yakakaushwa. Ya moto iwe moto kweli, ya baridi ikae friji. Kwako nyumbani kunywa unavyotaka, lakini mtungi wa kunywesha watoto wa watu na wazee siuweki juani. Hata ile chai ya friji, ikishatoka nje isikae mezani kutwa.

---

Lebo_Kwanza:

Mimi nafanana na huyo shangazi, kwa hiyo nitajibu upande wake 😀

Chai, maji ya gesi, matunda mabichi na shira: hapo hamna kilevi. Kinaingia kwa milango ya nyuma, na watu wengi hawajui.

Kombucha ni chai iliyochachushwa. Chachu ikila sukari inatoa gesi na kilevi pamoja, kwa hiyo hata iliyouzwa kama kinywaji cha kawaida ina kilevi kidogo, na ikiendelea kuchacha kwenye chupa kinaweza kupanda. Vivyo hivyo na soda za tangawizi za kienyeji zinazopata gesi kwa kuchachushwa. Kama msimamo wa familia ni sifuri, zisiingie.

Matone ya vanila. Ya asili kabisa huwa yamekamuliwa kwa kilevi. Marekani sheria inataka yawe na angalau asilimia 35. Yale matone machungu ya kuongezea ladha wanayotumia wachanganya vinywaji nayo mara nyingi ni kilevi kikali, hata kama kwenye glasi linaingia tone moja. Ukitaka vanila, pasua ganda la vanila lenyewe ulitie kwenye shira.

Maneno "bila kilevi" kwenye chupa. Ujerumani, kwa mfano, kinywaji chenye hadi asilimia 0.5 kinaruhusiwa kuitwa hivyo. Kwa wengine hiyo ni sawa na hakuna, kwa wengine si sawa. Shangazi ataigeuza chupa nyuma, nawe igeuze kabla yake.

Halafu soma na lebo ya maji ya gesi yenyewe. Toniki si maji ya gesi. Ina kwinini na sukari, itakuletea uchungu uliokuwa unaukimbia. Mengine yana soda bikaboneti na chumvi nyingine zinazopunguza makali ya limau. Chukua ambayo orodha yake ni maji na kabonidayoksaidi tu.

Moja la mwisho kwa kuwa kuna watoto: ukibadilisha sukari kwa asali, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asionjeshwe kabisa. Kwa umri huo asali inaweza kuleta sumu ya botulizimu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kilevi: maji ya gesi haya haya yana ukoo na pombe. Mwanasayansi Joseph Priestley, mwaka 1767, aliyapata kwa kuning'iniza maji juu ya mapipa ya bia yaliyokuwa yanachacha kule Leeds, Uingereza, gesi ya mapipani ikayeyuka kwenye maji. Shangazi usimwambie hilo.

---

Nanaa_Mbichi:

Nimecheka peke yangu, hiyo ya mapipa naificha kabisa.

Asanteni sana. Kombucha nilikuwa nimeipanga, nimeitoa. Jana usiku nimeloweka kwa njia ya mzee nusu lita, na leo nimepika shira ya stroberi na mrehani. Ukakasi hakuna. Mume wangu ameomba glasi ya pili, naye ndiye aliyekuwa na wazo la juisi ya pakiti, kwa hiyo hoja hiyo imefungwa.

Nimebaki na mawili. Jirani ana mashine ya kutia gesi, je, nisiitumie kutia gesi kwenye chai moja kwa moja ili nisiichanganye na maji? Na hesabu ya watu 20 iwe vipi, pamoja na hao wasiotaka kafeini?

---

Kijiko_Kirefu:

Mashine tia maji matupu tu. Chai ina vitu vinavyoshika povu, ukifungua chupa inakurukia mpaka ukutani. Mashine nyingi zenyewe zimeandikwa wazi kwamba zinataka maji tu, na jirani yako ataitaka mashine yake irudi ikiwa salama.

---

mzee_wa_jagi:

Kijiko amejibu la mashine. Chukua maji, yapoze kwanza usiku kucha, ndipo utie gesi. Yakiwa vuguvugu gesi haiingii vya kutosha, na watu wanailaumu mashine.

Hesabu: wape watu 20 glasi mbili mbili, hizo ni 40. Chai lita 5, maji ya gesi lita 5 na akiba ya lita moja, shira lita moja, limau 15 za ukubwa wa wastani. Limau moja hutoa kama mililita 40, kwa hiyo hapo utabaki na ziada kidogo. Barafu usiifanyie ubahili. Igandishe kwenye vyombo vya vipande vikubwa, maana vile vidogo vinayeyuka haraka na kuzimua kinywaji. Ukipata nafasi, barafu ya glasi za watu wazima igandishe kwa chai badala ya maji, ikiyeyuka inaongeza chai.

Ila usiyafanye yote kwa chai moja. Lita 3 ziwe chai ya kweli, lita 2 ziwe za wasiotaka kafeini na watoto. Hapo tumia rooibos (majani mekundu ya kichaka cha Afrika Kusini) au rozela (maua mekundu yaliyokaushwa). Hizo hazitoki kwenye mmea wa chai na kafeini hazina. Na hizi, tofauti na nilivyokwambia juu, zitengeneze kwa maji yanayochemka, gramu zilezile 20 kwa lita. Rooibos iache hata dakika 10, haitakuletea uchungu. Inakwenda vizuri na chungwa na pichi. Rozela inatoa wekundu ambao watoto wataugombania, lakini ina uchachu wake mwenyewe, kwa hiyo hapo limau toa kabisa au weka matone tu, na shira iongeze kidogo. Mchaichai umeumbiwa rozela.

Majagi mawili uyaandike kwa karatasi: hili lina kafeini, hili halina. Shangazi atakushukuru, na wewe hutaulizwa swali hilohilo na kila mtu.

Shira yako ya stroberi na mrehani weka ya jagi la chai, na upike nyingine ya ganda la chungwa kwa rooibos. Usipike ya tatu. Nimeona meza zenye shira sita, mgeni anasimama anasoma kama yuko kwenye mtihani, na mwisho anachukua maji.

Mezani panga hivi: majagi ya chai ndani ya beseni la barafu, shira kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, limau iliyokwishakamuliwa na kuchujwa kwenye jagi dogo, nanaa ikiwa imesimama kwenye glasi ya maji ili isinyauke. Mtu mmoja amimine, wageni wasijimiminie. Mgeni akijimiminia ataweka maji ya gesi kwanza, shira baadaye, kisha atakoroga kama uji.

Ukiwa hutumii mashine, nunua maji ya gesi ya chupa ndogo hata kama kubwa ni nafuu. Chupa kubwa ikifunguliwa mara ya tano, gesi ya chini imeshapungua, na wa mwisho kufika ndio wanaopewa hiyo. Fungua ndogo, imalize, fungua nyingine.